Bata Mzinga: Kwa Mafuta au Bila Mafuta?

Wengi wetu tuna jamaa waliohamia Marekani. Kule, Alhamisi ya nne ya Novemba ni Sikukuu ya Shukrani, na chakula chake ni bata mzinga. Wengi humwoka, lakini wengine humkaanga mzima, kwa njia mbili.

Njia ya zamani ni sufuria kubwa juu ya jiko la gesi, nje ya nyumba, na mafuta lita 10 au zaidi yenye joto la nyuzi 175. Ndege wa kilo 5 anaiva kwa dakika 40 hivi, ngozi inakauka vizuri. Lakini akiingia na barafu, maji yanageuka mvuke ghafla, mafuta yanafurika hadi kwenye moto. Nyumba zimeungua hivyo.

Njia ya pili ni jiko lisilotumia mafuta. Gesi inapasha ukuta wa chuma, na joto la ukuta ndilo linaloivisha nyama. Inachukua karibu saa mbili, na ngozi haifikii ile ya mafuta, lakini hakuna mafuta ya kumwagika wala ya kununua.

Kwa nyumba yenye watoto, sisi tunachagua hiyo ya pili.

Na sisi tunaokaanga samaki na mandazi hapa kambini? Sheria ni ileile: kausha samaki kwanza, usijaze sufuria. Mafuta yakishika moto, usimwage maji kamwe! Funika kwa mfuniko, ondoa moto chini kama unaweza, na watoto wakae mbali.