Mimbari Isiyouzwa
Somo: Amosi 7:10–15

Katika somo letu kuhani Amazia anamfukuza nabii Amosi kutoka Betheli, akimwambia kwamba hapo ni hekalu la mfalme. Yaani, nyumba ikiwa ya mfalme, neno la Mungu halina nafasi humo.

Leo tuangalie jinsi viongozi wa Kanisa Katoliki walivyochangia kuanguka kwa utawala wa Kikomunisti. Sisi Waprotestanti tuna tofauti zetu na Roma, lakini Mungu hutenda kazi hata nje ya boma letu.

Katika nchi ya Poland Wakomunisti walishika magazeti, viwanda na shule. Kanisa hawakuweza kulishika. Walimweka Kardinali Stefan Wyszyński kizuizini tangu 1953 hadi 1956, naye alipotoka akaendelea kulitetea. Kanisa lilitegemezwa na waumini wake. Kwa hiyo lilikuwa na sauti yake.

Mwaka 1978 Mpolandi, Karol Wojtyła, alichaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili. Juni 1979 alizuru kwao, na mamilioni wakatoka kumsikiliza. Hakuwaambia washike silaha, aliwahubiri Kristo. Lakini watu walipotazamana viwanjani waligundua kwamba wao ni wengi, na hofu ikaanza kufa. Mwaka 1980 wafanyakazi wakaunda chama chao huru, Solidarność. Serikali ikakipiga marufuku, na mwaka 1984 maofisa wa polisi wa siri wakamwua padri Jerzy Popiełuszko, aliyewafundisha watu kuushinda uovu kwa wema. Hata hivyo, Juni 1989 Wakomunisti walishindwa katika uchaguzi, na Novemba ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Tusiseme zaidi ya ukweli. Uchumi ulikuwa umeharibika, na Gorbachev wa Urusi hakutuma majeshi. Wala hawakuwa Wakatoliki peke yao: mjini Leipzig watu waliingia barabarani wakitoka katika maombi ya Jumatatu kwenye kanisa la Kilutheri.

Habari hizo zilifika Nairobi upesi. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri katika kanisa la Kipresbiteri la St. Andrew's, akiwaonya watawala wa Afrika wajifunze kwa yaliyotokea Ulaya ya Mashariki. Wakubwa wakakasirika. Askofu Henry Okullu wa Kanisa letu la Anglikana naye alidai vyama vingi, na maaskofu Wakatoliki wakaandika barua za kichungaji. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikaondolewa katika katiba. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi katika Uhuru Park, walikimbilia All Saints' Cathedral iliyo jirani, wakapewa hifadhi humo kwa miezi mingi. Mapema mwaka 1993 karibu wana wao wote walikuwa wamefunguliwa.

Je, milango hiyo ingefunguka kama Kanisa lingekuwa mali ya wakubwa?

Ndugu wapendwa wa Kangemi, Kawangware na Dagoretti, twajua shida ya kujenga. Mabati ni ghali, na sadaka ya Jumapili ni ndogo. Mwanasiasa akija na bahasha, ni vigumu kumnyima mimbari. Lakini akishalipia paa, ni nani atakayemwambia kwamba amekosa? Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Katoliki la Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais alitoa katika kanisa moja la Kahawa West. Huo ni mfano wa kufuatwa na sisi pia. Afadhali kanisa la mabati ya kukuukuu lenye neno la Mungu, kuliko Betheli ya mfalme.

Tuombe. Ee Bwana, utuepushe na woga, na utuepushe na tamaa, ili nyumba yako ibaki kuwa yako. Amina.