Sybaris: mji uliofukiwa na mto, na waliorudi kudai mashamba

WATU wanaorudi kutoka ukimbizini huuliza kwanza habari za shamba, na shamba zuri mara nyingi liko karibu na mto. Mimi nilisomea kambini, ng'ambo ya mpaka, na leo nafundisha historia hapa Burundi. Wanafunzi wangu huwasimulia habari za Sybaris, kwa sababu kesi ya waliorejea huko inafanana na zile zinazofikishwa kwa bashingantahe wetu.

Sybaris ulikuwa mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, ulioanzishwa karibu mwaka 720 KK. Wahamiaji waliujenga kati ya mito miwili, Crathis na Sybaris, ambayo sasa inaitwa Crati na Coscile. Mito hiyo hushuka milimani kwa kasi, ikifika kwenye tambarare inapoa na kuacha tope. Tope hilo ndilo lililowatajirisha. Wafanyabiashara wa mpakani mtaelewa hili: Sybaris ulipoanguka, watu wa Miletus, mji wa mbali kule Asia Ndogo, walinyoa vichwa kwa maombolezo.

Kuanguka kwenyewe kulianza na wakimbizi. Mtawala aitwaye Telys aliwafukuza matajiri 500 na mali zao zikagawiwa. Wakakimbilia mji jirani wa Croton. Telys akadai warudishwe, la sivyo vita. Watu wa Croton walisita, kisha Pythagoras, yule yule wa hesabu za pembetatu, akawashauri wasiwatoe. Mwaka 510 KK jeshi la Croton, likiongozwa na mwanamieleka Milo, likashinda. Mwandishi Strabo anasema washindi waliugeuza mto, ukapita juu ya mji.

Je, jambo hilo linawezekana? Aliyekaa tambarare hatashangaa. Mto wa namna hiyo hujaza tope njia yake yenyewe mwaka hadi mwaka, hata ukapita juu kuliko mashamba. Ukikata ukingo mahali panapofaa, masika yatakumalizia kazi. Wapo wataalamu wenye shaka, wanaokumbusha kuwa ardhi ya pale inadidimia yenyewe. Lakini Herodotus, aliyehamia huko baadaye, anataja Crathis "mkavu", yaani njia ya zamani iliyoachwa bila maji. Kwangu huo ni ushahidi mzito.

Mji ulipotea kabisa. Ulipatikana katika miaka ya 1960, chini ya magofu ya miji mingine miwili, tena chini ya usawa wa maji ya ardhini, hivyo uchimbaji ulihitaji pampu za kuvuta maji. Pamoja na hayo, Januari 18, 2013 Crati ulivunja tuta ukajaza magofu maji na tope.

Turudi kwa waliosalia. Walikaa uhamishoni Laus na Scidrus, pwani ya pili. Watoto na wajukuu wao walirudi kujenga upya, Croton ikawafukuza tena. Ndipo wakaomba msaada Athens, na walowezi wapya wakaja. Mwaka 444 KK hivi ukazaliwa mji wa Thurii. Safari hii hawakutegemea mto kwa maji ya kunywa. Walichagua mahali penye chemchemi, iliyotoka kwenye bomba la shaba.

Lakini waliorejea wakasema: sisi ndio wenyeji. Wakajipa vyeo vikubwa, wake zao wakatangulia kutoa sadaka kwa miungu, na mashamba ya karibu na mji wakayachukua wao. Wageni wakapewa ya mbali. Nawaelewa waliorejea, maana kaburi la babu ni hati pia. Hata hivyo walikosea: bila hao wageni wasingekuwa na mji wa kurudia, na nani angekuja kuwasaidia kushika jembe la kuinua tuta mto ukifurika?

Ugomvi ukageuka mapigano. Wasybaris wengi waliuawa. Walowezi wengine wakaitwa kutoka Ugiriki na ardhi ikagawiwa upya kwa usawa. Wasybaris walionusurika walikwenda kukaa kando ya mto mwingine, Traeis, wakadumu huko kwa muda, mpaka watu wa kabila la Wabruttii walipowaondoa.