Picha za Wazee Wetu Juu ya Kilima

Watu wengi wakaao Kaloleni, Makongeni, Bahati na mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi hudhani ya kuwa Makumbusho ya Taifa ni mahali pa wageni na watoto wa shule. Rafiki yangu, fundi seremala wa Kaloleni, alikuwa na mawazo hayo hayo. Jumamosi moja nilimshauri twende, naye akakubali, ingawa alisema ni afadhali amalize kiti cha mteja wake.

Tulipanda basi katika barabara ya Jogoo mpaka mjini, kisha tukaenda kwa miguu, tukavuka mto Nairobi na kukipanda kile kilima. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1930 ikaitwa Coryndon, jina la gavana aliyefariki mwaka 1925. Baada ya uhuru ikapewa jina la taifa. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni, jambo lililompendeza sana fundi.

Uani tuliona sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Lakini tulikaa zaidi mbele ya picha za Joy Adamson, mwanamke aliyetoka Austria. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, maana mavazi hayo yalikuwa yakitoweka upesi. Alichora mamia ya picha, na kila ushanga na kila kipande cha ngozi amekiweka mahali pake.

Mbele ya picha ya mama mmoja wa Kikuyu rafiki yangu alinyamaza. Kisha akauliza, "Bwana, hizi pete za shanga masikioni zaitwaje?"

Nikamjibu, "Wewe ndiwe Mkikuyu. Mimi Mluhya nitajuaje?"

Akacheka kidogo tu. Alisema ya kuwa nyanya yake alizivaa, naye alizichezea alipokuwa akipakatwa. Umbo lake alilikumbuka. Jina lilikuwa limempotea.

Juma lililofuata alikwenda kwao Murang'a kumwuliza mama yake. Mama akamwambia kuwa ni hang'i, pambo la mwanamke aliyeolewa, akamweleza na jinsi masikio yalivyotogwa na kupanuliwa polepole kwa vijiti. Fundi ameyaandika yote katika daftari lake la vipimo.

Ndugu wasomaji, mchoraji alituwekea rangi na umbo. Majina na maana yake wanayo wazee wetu. Nendeni mkazitazame picha hizo pamoja na watoto wenu, na mkirudi nyumbani shikeni kalamu, mkamwulize mzee angali hai. Kuuliza si ujinga.