Wakati Ujao wa Kiingereza kwa Mambo Yaliyokwisha Pangwa

Katika Kiswahili kiungo kimoja, -ta-, chatosha kubeba karibu mambo yote yajayo. Twasema, "Treni itaondoka kesho," "Padre atakuja Jumapili," "Mto utafurika," wala hapana aulizaye mambo hayo yametofautianaje. Kiingereza huuliza. Hutaka kujua kwanza ni nani aliyelipanga jambo. Na mwanafunzi ajuaye "will" peke yake mara nyingi huandika maneno yasiyo na kosa dhahiri, lakini yamfanyayo msomaji asite.

Mfano ulio karibu nasi ni Jangwani, hapo Barabara ya Morogoro inapovuka bonde la Msimbazi kuelekea Magomeni. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi hupita njia hiyo. Na mvua zikizidi, maji huifunika barabara, njia ikafungwa. Basi, treni ya umeme ya Morogoro, iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2024, ina ratiba. Mwenye ratiba mkononi asema, "The train leaves at six tomorrow," kwa wakati uliopo, kana kwamba safari imekwisha kuwa. Nasi tunayo namna iliyo karibu na hiyo: "Treni yaondoka kesho saa kumi na mbili." (Mwanafunzi aangalie saa pia, maana akiandika "twelve" abiria wake atachelewa kwa saa sita, hata kitenzi kikiwa safi.) Lakini mto hauna ratiba. "The Msimbazi floods tomorrow" ni maneno ya kuchekesha, kama kwamba mto umekata tikiti. Hapo husemwa "will flood", au "is going to flood" mawingu yakiwa yamekwisha kutanda.

Kati ya ratiba na mawingu yako mapatano ya watu. "The priest is coming on Sunday" maana yake Padre amekwisha kuagana na wazee wa kanisa. Ukimwandikia mgeni "I think the priest will come," aweza kufahamu kuwa ni matumaini tu, asiwalete watoto wa ubatizo. Hata hivyo matangazo rasmi hutumia "will" kwa mambo ya ratiba, basi mwalimu asilitie wino mwekundu kila alionapo.

Kosa lenyewe huja baada ya "when". Twasema, "Treni itakapofika, nitakupigia simu." Kiungo -ta- kimo mara mbili, kimoja kimejificha ndani ya -takapo-, na mtoto hufasiri kwa uaminifu wote: "When the train will arrive, I will call you." Kiingereza hakikubali, chataka "When the train arrives". Kumkemea hakufai kitu, maana amefuata lugha ya mamaye. Naona ni afadhali kumwambia aigeuze kwanza sentensi yake ya Kiswahili iwe "Treni ikifika, nitakupigia simu," ndipo afasiri, kwa kuwa -ki- haina -ta- ya kumpoteza. Kwa "before" taabu hiyo ni ndogo, kwani sisi wenyewe husema "kabla treni haijafika".