Bunia, Neno Husomwa kwa Sauti

Saa kumi na mbili asubuhi, maduka ya Boulevard de la Libération yangali yamefungwa, Bunia huwa imekwisha kufungua Biblia. Kwenye parokia za Kikatoliki misa ya alfajiri imefika kwenye somo la kwanza. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yana ibada ya asubuhi, ya wamama wengi na wanaume wachache, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na shambani. Majumbani redio ndogo ya betri imeshika Radio Tangazeni Kristo, na mwenye simu anasambaza ujumbe wa sauti: sura, mistari, maelezo ya dakika chache, ombi. Mega za simu zikiisha, jirani atamsimulia.

Anayedhani kwamba tafakari ya kila siku ni kazi ya mtu mmoja, kitabu chake na kikombe chake cha chai, atashangaa akifika mji huu mkuu wa jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo. Hapa neno husomwa kwa sauti, hupimwa mbele za watu, na anayelisikia hutazamiwa kulijibu siku hiyohiyo.

Mazoea haya yana mizizi mirefu. Mwaka 1896 Mganda mmoja, Apolo Kivebulaya, alishuka kutoka upande wa Toro hadi Boga, kusini mwa Bunia, akiwa mwalimu wa dini wa Kianglikana. Chifu Tabaro hakumtaka. Apolo alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Silaha yake ilikuwa vitabu vya kusomea: aliyetaka ubatizo alipaswa kwanza ajifunze kusoma, hivyo kila mwongofu aliingia kanisani akiwa na uwezo wa kufungua Maandiko mwenyewe na kumsomea mwenzake asiyejua. Baadaye alikwenda kwa Wambuti msituni, akashughulikia kuiweka Injili ya Marko katika lugha yao. Alifariki mwaka 1933, na Waanglikana wa Boga husimulia hadi leo kwamba aliagiza azikwe akielekea magharibi, upande wa msitu alikokuwa hajamaliza kazi. Wamisionari wa Africa Inland Mission, walioingia Kongo mwaka 1912 na kuzaa kanisa linaloitwa leo CECA 20, nao waliwekea mkazo mambo hayohayo mawili: shule na kitabu.

Kwa Wakatoliki mahali pa kuona desturi hii kwa karibu ni kwenye shirika, yaani kaya za mtaa mmoja zinazokutana kila juma katika nyumba ya mmoja wao. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hiyo mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru: waumini wakutane katika jumuiya ndogo zilizo hai, wasingoje padri awafikie. Mashirika yakaenea nchini, na Bunia leo ni vigumu kukuta kartie, yaani mtaa, isiyo nayo, iwe Mudzipela, Nyakasanza, Lumumba au Saio.

Chukua shirika linalokutana Jumanne ya juma la tatu la Kwaresima. Kalenda ya masomo imekwisha kuamua: Injili ni ya Matayo, sura ya 18, habari ya mtumishi aliyefutiwa deni kubwa naye akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Somo hilo hurudi siku hiyo karibu kila mwaka, nalo husomwa Bunia, Kampala na Roma vilevile. Benchi zimeazimwa kwa jirani, mkeka umetandikwa kwa ajili ya watoto, meza ina kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Biblia zenyewe ni za kila namna. Mmoja ana ile ya Kiswahili cha Kongo iliyotolewa na Chama cha Biblia mwaka 2002, wa pili ana Union Version ya mwaka 1952 iliyozoeleka Tanzania na Kenya, kijana wa chuo ana ya Kifaransa kwenye simu. Somo linasomwa mara mbili, polepole. Halafu kimya. Kisha kila mmoja anataja neno lililomgusa, neno lenyewe tu, bila mahubiri. Ni njia ya hatua saba iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini tangu miaka ya 1970, na mashirika mengi ya Afrika Mashariki na Kati huifuata, kila moja kwa namna yake.

Hapo ndipo mambo huiva. Katika mji ambao wachuuzi wengi wanaishi kwa likelemba, ile akiba ya kupokezana, habari ya mdeni haisomwi kama hadithi ya zamani. Mama anayeuza sombe atauliza kama kusamehe ni kumfutia deni aliyepokea zamu yake kisha akahama mtaa. Motari atasema kwamba yeye ndiye anayedaiwa, na pikipiki ni ya tajiri. Mzee atakumbusha kwamba katika habari hiyo bwana hakuombwa kusamehe, aliombwa muda. Hoja ya mzee huyo inashinda mahubiri mengi ya Jumapili, na haikutoka chuo chochote cha teolojia.

Baada ya hapo zinakuja habari za mtaa: nani amelala hospitali, wapi kuna kilio, mtoto wa nani amefukuzwa shule kwa ajili ya ada. Mchango unapitishwa. Wawili ambao hawasalimiani huweza kuitwa pembeni na kiongozi wa shirika, ambaye mara nyingi ni mama wa makamo anayejua siri za nusu ya kartie. Hakuna anayeona kwamba hayo ni mambo ya nje ya tafakari. Ndiyo hatua yake ya mwisho.

Liturjia yenyewe imepangwa vivyo hivyo. Misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inaweka toba baada ya masomo na mahubiri, wakati katika misa ya Kiroma ya kawaida toba inakuja mwanzoni. Mtu husikia kwanza, ndipo anajua la kutubia; halafu wanapeana amani, halafu matoleo. Papa Francis aliiadhimisha misa hiyo Kinshasa tarehe 1 Februari 2023, na siku hiyohiyo akakutana na wahanga wa vita vya mashariki mwa nchi, wa Bunia wakiwemo. Baadhi yao waliweka chini ya msalaba silaha za namna ileile zilizowaulia ndugu zao.

Waprotestanti wana kalenda zao, na wengi hawafuati ya kiliturjia. Ligue pour la Lecture de la Bible, tawi la harakati iliyoanza kugawa kadi za masomo ya kila siku Uingereza mwaka 1879, imewazoesha vijana wa shule kusoma fungu fupi na kujiuliza maswali machache: linasema nini juu ya Mungu, lina amri gani, lina onyo gani. Université Shalom de Bunia, iliyoanzishwa mwaka 1961 kama chuo cha teolojia cha makanisa ya Kiinjili, imetoa wachungaji waliobeba tabia hiyo hadi Aru, Mahagi na Mambasa. Katika hospitali za kimisioni siku huanza kwa ibada fupi kabla ya daktari kupita vitandani.

Kasoro zipo, na wenyeji ndio wa kwanza kuzisema. Wanaume huonekana zaidi kwenye sikukuu. Kiongozi akipenda sauti yake, kushirikishana kunageuka hotuba. Wapo wanaotumia somo kumtupia jirani mstari badala ya kumwambia kosa lake uso kwa uso. Na kuna wahubiri wapya wanaogeuza neno la siku kuwa hirizi: tuma sadaka kwa simu, pokea unabii wa biashara. Hao wana wafuasi, kwa sababu umaskini ni mkali, lakini walichokiacha ni ile benchi ambapo mtu aweza kukubishia.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ya historia. Waliouana Ituri kati ya mwaka 1999 na 2003 wengi walikuwa Wakristo waliosoma Maandiko yaleyale. Wanaokadiriwa kufa ni zaidi ya watu 50,000. Septemba 2002 hospitali ya kimisioni ya Nyankunde ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Mei 2003 mauaji yaliingia ndani ya parokia ya Nyakasanza, Bunia, mapadri wakiwa miongoni mwa waliokufa. Kartie ziligawanyika kikabila, Wahema huku na Walendu kule, na waumini waligawanyika pamoja nazo. Yeyote atakayesema kwamba kusoma kila siku kwenyewe kunaleta amani, Bunia ina ushahidi wa kumkanusha. Kilichosaidia baadaye kilikuwa kazi ngumu zaidi: kusoma tena pamoja na mtu wa upande wa pili, kwa Kiswahili ambacho si cha Wahema wala cha Walendu, na kukubali aseme lililompata.

Kazi hiyo haijakwisha, maana vita navyo havijakwisha. Tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi. Zikiwapo amri za kutotoka nje usiku, makesha huhamishiwa mchana. Kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, pembeni mwa mji, watu husali chini ya maturubai. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, wapiganaji wa kundi la waasi la ADF walivamia parokia ya Komanda, kusini-magharibi mwa Bunia, ambako vijana na watoto walikuwa kwenye mkesha wa sala. Watu zaidi ya 40 waliuawa. Parokia hiyo ina jina la Mwenyeheri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na ambaye inasimuliwa alimsamehe muuaji wake kabla ya kukata roho. Kwa jamaa wa marehemu wa Komanda, somo la kusamehe si mada ya kuzungumzwa haraka, na kiongozi mwenye busara huwaacha wanyamaze hata hatua zote saba zikipita.

Mgeni akialikwa shirikani Bunia, aje na muda na asikae mlangoni. Hataombwa kueleza Biblia. Ataulizwa ni neno gani limemgusa, kisha ataulizwa ataanza na nani katika kuwatembelea wagonjwa wa mtaa, na majibu yote mawili yatangojwa.