Bukavu: Kisoma skrini kinapomeza silabi, asiyeona anasikia habari nyingine

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Kwa mtu anayeona, vipokea sauti vya masikioni vikikatika ni kero ndogo tu. Wimbo unasimama, anatikisa waya, wimbo unaendelea. Lakini kwa mwanafunzi asiyeona anayeandika memware yake kwenye laptopu, sauti ndiyo skrini yenyewe. Ikikatika, kazi imesimama. Na ikirudi bila silabi ya kwanza, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye hajui kwamba kuna kitu kimepotea.

Kiswahili kinabeba mzigo mkubwa mwanzoni mwa neno. Ujumbe unasema «sikubali», sauti inachelewa kidogo kuamka, masikioni inafika «kubali». «Sitakuja» inabaki «takuja», kama mtu aliyeahidi kufika. Kwa hesabu ni hatari zaidi: «elfu hamsini» ikipoteza neno la kwanza inakuwa hamsini. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya kompyuta nyingi za Bukavu, nacho hakina huruma. Ukibonyeza kitufe cha nafasi ili kuondoa alama kwenye kisanduku, kompyuta inajibu «non coché». Ikimeza «non», unasikia «coché», yaani kinyume kabisa. Zaidi ya hayo, sauti nyingi za kompyuta zinasema Kifaransa cha Ufaransa: pale ambapo Mkongomani angesema «nonante», mashine inasema «quatre-vingt-dix», na ikikatwa kichwa inabaki «dix». Pointi 90 zimegeuka 10.

Programu inayotajwa zaidi katika habari hizi ni NVDA, kisoma skrini cha bure kinachofanya kazi kwenye Windows. Kilianzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, kisha akaungana na James Teh. Wote wawili ni wasioona. Kisoma skrini cha JAWS, ambacho ni cha zamani zaidi, kinauzwa kwa bei ambayo si rahisi kwa familia ya kawaida hapa kuilipa. NVDA haiombi franka hata moja, inakubali kukaa kwenye laptopu ya okazioni, na sauti ya eSpeak NG inayokuja nayo inajua Kiswahili pia, ingawa kwa lafudhi ya chuma.

Kwa nini basi sauti inakatika? Mara nyingi NVDA haina kosa. Kadi ya sauti ya laptopu, ili kuokoa betri, inajizima baada ya muda mfupi wa ukimya. Msikilizaji wa muziki hatambui lolote kwa sababu muziki haunyamazi. Kisoma skrini ni tofauti: kinasema maneno matatu, kinanyamaza wakati mtu anafikiri, kinasema tena mawili. Kila mara kadi inaamshwa usingizini, na wakati inanyanyuka, silabi ya kwanza imekwisha kupita.

Bukavu inaongeza chumvi kwenye kidonda hicho. Umeme wa SNEL unakatika, watu wanafanya kazi kwa betri, na Windows ikiwa kwenye betri inazima vifaa haraka zaidi kuliko ikiwa kwenye umeme. Ndiyo maana laptopu ileile inaweza kusema vizuri asubuhi na kumeza maneno jioni. Anayeipeleka kwa fundi anaichomeka pale kwenye jenereta, inasema bila shida, na anarudi nyumbani akionekana kama mtu wa kulalamika bure.

Dawa ya kwanza iko ndani ya NVDA yenyewe. Katika matoleo mapya, sehemu ya mipangilio ya sauti, inayofunguliwa kwa kushika kitufe cha NVDA pamoja na Control na U, ina mahali pa kuandika ni sekunde ngapi programu iiache kadi ya sauti macho baada ya kumaliza kusema. Ukiongeza sekunde hizo, silabi za kwanza zinarudi. Betri italipa kidogo, hasa ile ya vipokea sauti visivyo na waya. Kabla mpangilio huo haujakuwepo, watumiaji walikuwa wakiacha programu ndogo icheze ukimya nyuma ya kila kitu, ili kadi isipate nafasi ya kulala.

Dawa ya pili iko kwenye Windows. Bonyeza Windows na X, ingia «Gestionnaire de périphériques», tafuta kifaa, fungua «Gestion de l'alimentation», kisha ondoa alama kwenye mstari «Autoriser l'ordinateur à éteindre ce périphérique pour économiser l'énergie». Si kila kifaa kina ukurasa huo. Kwa vipokea sauti vinavyochomekwa kwenye USB, kuna pia suspension sélective USB ndani ya mipangilio ya umeme. Nayo izimwe, hasa upande wa betri.

Kuna tatizo jingine ambalo mafundi wengi hawalioni, na linastahili kuelezwa polepole. Mteja asiyeona anakwenda kwa fundi wa simu, tuseme Nyawera au Kadutu, anasema sauti ya kompyuta inapotea kwenye vipokea sauti. Fundi anavaa, anaweka muziki, anasikia ngoma, anasema ni vizima. Wote wawili wanasema kweli. Ndani ya pini kuna waya wa pamoja unaotumiwa na sikio la kushoto na la kulia, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa masse. Ukikatika au ukishikana vibaya, kinachosikika ni tofauti tu kati ya pande mbili. Muziki una tofauti hizo, kwa hiyo unabaki, ingawa ni kama unatoka ndani ya pipa. Sauti ya kisoma skrini ni ileile pande zote mbili, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Kumpimia asiyeona vipokea sauti kwa muziki ni kupima kisichohitajika. Vipimwe kwa sauti ya mtu anayesoma.

Jambo hili linatokea pia bila kitu chochote kuharibika, pale mtu anapochomeka vipokea sauti vya simu kwenye laptopu ya zamani. Pini ya simu ina pete tatu nyeusi kwa sababu ya maikrofoni. Tundu la zamani linasubiri pini ya pete mbili. Jaribio ni rahisi: shikilia kitufe cha kupokea simu kilichoko kwenye waya. Sauti ikirudi ikiwa umekishika na kupotea ukiachilia, tatizo ni pini na tundu. Usimlipe mtu kufuta na kuweka Windows upya.

Vipokea sauti vya Bluetooth vina mambo yake. Vinatumia mawimbi ya 2.4 GHz, yaleyale ambayo Wi-Fi nyingi zinatumia. Anayepata intaneti kwa kugawiwa na simu, na simu hiyo imelala kando ya laptopu, anajitengenezea msongamano mwenyewe. Kuunganisha simu kwa waya wa USB kunaondoa kelele hiyo. Kisha kuna suala la maikrofoni: simu ya video ikianza, vipokea sauti vinahama kwenda hali ya mazungumzo, sauti inakatika kidogo na kurudi ikiwa nyembamba. Ukichagua maikrofoni ya laptopu yenyewe, mara nyingi hakuna kuhama. Kwa kusema wazi, kwa kazi ya kila siku ya asiyeona, waya bado unashinda.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna jambo la kuchekesha la kuhakikisha. Kitufe cha NVDA pamoja na S kinabadilisha hali za kusema: kuna inayozima sauti, kuna inayoleta milio mifupi, na kuna inayorudisha sauti. Anayekigusa bila kujua anadhani kompyuta imekufa. Bonyeza tena mpaka iseme. Ikibaki kimya, Control, Alt na N vinaianzisha NVDA upya kama njia yake ya mkato iliwekwa. Na Control, Windows na Entrée vinamwamsha Narrateur, kisoma skrini cha Windows. Narrateur akisema, vipokea sauti ni vizima na tafuta kosa ndani ya NVDA. Naye akinyamaza, rudi kwenye waya.

Kwa upande wa sheria, Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na kupitisha sheria yake namba 22/003 tarehe 3 Mei 2022. Mkataba huo unataja wazi teknolojia ya habari. Lakini sheria haichomeki waya. Vyuo vya Bukavu vina watu wa kompyuta. Kuwafundisha mambo haya ni kazi ya nusu siku.

Siku ya kutetea memware ndiyo siku ambayo hata laptopu nzima inaweza kunyamaza. Mwanafunzi anaunganisha projekta kwa waya wa HDMI, Windows inaamua kwamba sauti sasa iende huko, na masikioni hakuna kitu mbele ya jury. Kwenye mipangilio ileile ya sauti ya NVDA, mahali pa kifaa cha kutolea sauti, pasiachwe kwenye chaguo la kawaida linalomfuata Windows: ichaguliwe kadi ya laptopu yenyewe kwa jina. Na projekta ijaribiwe jana yake, katika chumba kilekile, umeme ukiwepo na umeme ukiwa umekatika.