Jiwe la Kolwezi na Mapatano ya Mataifa

Siku hizi tunasikia mara nyingi kwamba mataifa yamekutana na kupatana: juu ya usalama, juu ya umeme, juu ya hali ya hewa ya dunia, juu ya biashara ya watu. Mkristu wa Kolwezi anaweza kuuliza: «Mambo ya New York na Brussels yananihusu nini?» Tunajibu: yanatuhusu sana, maana mambo hayo yote manne yanakutana katika jiwe moja, ndilo lile linalochimbwa kwetu. Tuyaeleze moja moja, kusudi padri na katekista waweze kuwajibu watu.

1. Hewa na umeme

Moshi wa petroli na wa makaa unazidisha joto la dunia. Juu ya hiyo mataifa yalipatana Paris, mwaka 2015, kupunguza moshi huo. Njia moja ni magari ya umeme. Gari la namna hiyo linataka betri, na betri nyingi zinataka kobalti. Sasa, karibu sehemu saba katika kumi za kobalti inayochimbwa duniani zinatoka katika inchi yetu, zaidi sana katika Lualaba. Basi, hewa safi ya miji ya mbali inaanzia katika udongo wetu.

Lakini faida ya jambo jema haimfikii kila mtu. Tuangalie njia ya umeme iliyotoka Inga na kufika Kolwezi mwaka 1982. Urefu wake ni kilometa 1.700 hivi, na ilijengwa kwa mikopo ya kigeni. Nyaya zilipita juu ya vijiji vingi vilivyobaki gizani, maana umeme ule ulitakiwa kwa ajili ya migodi. Mapatano yanaweza vile vile kupita juu ya vichwa vya watu.

2. Usalama

Wazee wa Kolwezi hawajasahau mwezi wa tano wa mwaka 1978. Waasi waliotoka Angola waliingia mjini. Halafu askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji wakaja. Watu mamia wakafa, weusi na weupe. Vita ya Angola, iliyoanza mwaka 1975, ilikuwa imekwisha kufunga njia ya reli inayopeleka shaba yetu hadi bahari ya Lobito. Ndiyo kusema: jirani akikosa amani, nasi tunaikosa. Mwezi wa kumi wa mwaka 2023, Kongo, Angola, Zambia, Marekani na Umoja wa Ulaya walitia sahihi mapatano juu ya njia hiyo ya Lobito. Ni jambo jema. Lakini njia inayopitisha mawe inaweza kupitisha vile vile wale wanaouza watu. Tuwajue basi ni nani.

3. Biashara ya watu ni nini?

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulikubali mapatano yanayoitwa ya Palermo. Kongo iliyaingia mwaka 2005. Yanafundisha kwamba biashara ya watu ina sehemu tatu. Ya kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumficha ao kumpokea. Ya pili ni njia: nguvu, vitisho, udanganyifu, ao kutumia unyonge wake. Ya tatu ni nia: kumtumikisha kwa faida ya mwingine. Aliyedanganywa, hata kama alisema «ndiyo», neno lake halimwachilii mkosaji. Tena kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 18, njia haitafutwi: tendo na nia vinatosha.

Tuseme mtu anafika kijijini na kumwambia mjane: «Nipe kijana wako, nitamtia masomoni Kolwezi.» Halafu anamweka kuosha mawe mtoni, na franga anakamata mwenyewe. Hiyo ni biashara ya watu kamili, hata kama mtu huyo ni wa jamaa.

Mtoto anayechimba pamoja na wazazi wake kwa sababu ya njaa ni jambo lingine: hakuuzwa. Hata hivyo kazi yake imekatazwa. Mapatano ya hesabu 182 ya Shirika la Kazi la Mataifa, ya mwaka 1999, yanakataza kazi yo yote inayoweza kuharibu afya, usalama ao mwenendo mwema wa mtoto. Kongo iliyakubali mwaka 2001. Lakini mwaka 2014 UNICEF ilikadiri kwamba watoto 40.000 hivi walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini ya inchi.

Na mtu mzima aliyechagua mwenyewe kuchimba kwa mikono? Huyo si mtumwa. Tusimvunjie heshima kwa kumwita hivyo. Sheria inamruhusu, akiwa na karti, kuchimba mahali palipowekwa kwa kazi hiyo.

Sababu gani tunatenga hivi? Kwa sababu dawa si moja. Mtoto aliyeuzwa anahitaji hakimu, na jamaa yake itafutwe. Mtoto mwenye njaa anahitaji masomo, na wazazi wake wapate kazi ya kuwalisha. Mchimbaji anahitaji shimo lisilomwangukia na mizani isiyomwibia. Mfanyabiashara wa kigeni akichanganya hao watatu, akakataa mawe yote ya mikono kusudi jina lake libaki safi, njaa haikwisha: mtoto anashuka katika shimo lililofichwa zaidi.

4. Kazi yetu

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (hesabu 27), unahesabu utumwa na uuzaji wa wanawake na watoto kati ya mambo ya aibu yanayomtukana Muumba. Tangu mwaka 2015 Kanisa linasali juu ya hiyo kila tarehe 8 ya mwezi wa pili, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, binti wa Sudani aliyeuzwa akiwa mtoto. Kolwezi, masista wa Bon Pasteur wanawatoa watoto migodini na kuwarudisha masomoni.

Katekista naye sharti awajue watoto wa mtaa wake kwa majina. Mtoto mgeni akionekana, aulize kwa upole: Nani alimleta? Mama yake yuko wapi? Anasoma wapi? Jibu likikosekana, amwambie padri siku ile ile. Pasipo macho hayo ya jirani, mapatano ya wakubwa yatabaki karatasi.